Chozi wa Masjala

Jumatatu saa mbili na robo, karani wa masjala waliyemwita Dada Stempu aliinamia chai ya ofisini, mdomo wake ukagonga kitako cha kikombe. Ulikuwa umerefuka, mweusi, umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Kufikia saa nne alikuwa ndege chozi kamili, wa kuenea kiganjani, kifua chekundu, shingo ya kijani iliyometameta.

Mama Chai aliondoa kikombe, akasema afadhali, sukari itawatosha wengine. Tarishi, ambaye hakuna asilolijua, akaeleza kwamba chozi hufyonza utamu wa maua, na buibui mmojammoja kama kitoweo. Shida ni kwamba maua yote ya ofisi ile yalikuwa ya plastiki.

Mkuu wa ofisi akaja kumkagua.

"Dada, hizo rangi ni za dume," alisema. "Kwa daraja lako, kijivu kingetosha."

Dada Stempu aliomba radhi kwa rangi, kisha akauliza lile la kila Jumatatu. Miaka kumi na mmoja alikuwa kibarua, akisubiri kuthibitishwa kazini.

"Faili lako liko ghorofani. Vuta subira."

Ghorofani hakuna aliyewahi kufika. Mlango wa ngazi ulikuwa na kufuli, na ufunguo, kama walivyoambiwa, ulihifadhiwa ghorofani. Lakini mwenye mabawa hahitaji ngazi. Dada Stempu akatoka kupitia dirishani, akaingilia juu kwenye kioo kilichovunjika.

Chumba kizima kilikuwa na meza moja. Mezani palikuwa na chombo cha maua mabichi, mekundu, marefu kama tarumbeta. Chini ya chombo, faili lake, lina duara la maji kwenye jalada. Akanywa, akashiba kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akashuka kutoa taarifa.

Ofisi nzima ilisikiliza. Mkuu akafikiri kidogo.

"Tukiliondoa, meza italowa. Na meza ni mali ya umma."

Hilo halikuwa na mpinzani. Akapewa fomu mpya ya kujaza: sura, makazi, chakula. Akachovya mdomo kwenye wino, akajaza kwa hati nzuri. Tarishi akaikunja mara nane, akamwomba, shoga yangu, uipeleke mwenyewe, maana njia unaijua.

Akaipeleka. Akaichomeka chini ya chombo, juu ya faili, ambalo kwa kweli lilikuwa limeanza kuvujisha maji mezani.