Mlolongo wa Ishivembe

Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi, Teresa alibeba chupa ya chai na viazi vitamu vitatu, akavuka barabara ya Malinya, akateremka hadi uwanja wa shule ya msingi ya Ishivembe kumpelekea mama yake kiamshakinywa. Mama yake, Immaculate Navalayo, alikuwa amesimama pale pale aliposimama jana na juzi na mwaka wa 1988: nyuma ya fundi wa baiskeli, mbele ya mama mmoja wa kanisani aliyefariki mwaka wa 2003 na ambaye hakuwa na usumbufu wowote.

"Baba amefariki," Teresa alisema. "Jana jioni, pale hospitali. Wazee wamesema tutazika Jumamosi."

Immaculate alimpa fundi kikombe amshikie, akalia akiwa amesimama. Alilia kwa muda wa kutosha, kwa kuwa Titus Shikanga alikuwa mume mzuri aliyekuja kumwona uwanjani kila Jumapili kwa miaka thelathini na saba. Kisha akajifuta kwa kitambaa cha kichwa na kurudishiwa chai yake.

"Wakituhesabu leo, nakuja leo," alisema.

"Na wasipohesabu?"

"Sitoki. Nikitoka, watasema tulikuwa wachache."

Sehemu hizo maiti haishuki kaburini mpaka mjane akae kwanza upande wa kichwa cha jeneza. Akikosekana, jeneza hubaki juu na wazee hurudi nyumbani. Kwa hiyo Teresa alikuwa na haja moja tu wiki hiyo: mama yake awe nyumbani Jumamosi asubuhi, saa tatu.

Eneo bunge la Ishivembe lilizaliwa kwa sababu mkubwa mmoja wa Nairobi alikuwa na shemeji asiyefaa kwa kazi yoyote. Alichukua ramani, akaweka kisosi cha chai kusini mwa Malinya, akazungusha kalamu. Ndiyo maana mpaka wa Ishivembe ulikuwa mviringo kamili, na ulipita katikati ya vitanda vya watu, mume akawa na mbunge huyu na mke na mbunge yule. Katika uchaguzi wa kwanza shemeji alipita bila kupingwa, maana wapinzani wake wawili walizuiliwa kituoni siku ya kupeleka karatasi kwa kosa la kutembea na karatasi. Katika uchaguzi wa pili alipata kura elfu tisa kwenye eneo lenye watu wazima elfu nne. Aliyeshindwa alipolalamika, aliambiwa ashukuru kwamba na yeye amepigiwa nyingi. Shemeji huyo alikaa bungeni miaka mingi akilala, na alipokufa alimwachia mpwa wake Phineas koti, ng'ombe sita na kiti.

Ndipo ukaja mwaka wa mlolongo, ambapo watu walipiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya picha ya wanayemtaka, mchana kweupe, ili kusiwe na udanganyifu. Nyuma ya picha ya Phineas walipanga watu sitini na watatu, wakiwemo mpishi wake na wakwe zake. Nyuma ya picha ya Mwalimu Khaemba mstari ulizunguka goli la juu, ukapita vyoo vya wavulana, ukateremka hadi mtoni. Msimamizi wa uchaguzi, Bwana Phanuel, ofisa kutoka Kakamega, hakuhesabu mtu. Alifungua bahasha aliyopewa saa moja asubuhi kabla mpiga kura wa kwanza hajafika, akasoma kwamba Phineas amepata asilimia tisini na moja, akaingia kwenye Land Rover yake.

Chifu alikuwa ametangaza asubuhi hiyo kwamba atakayetoka kwenye mstari kabla ya kuhesabiwa amepoteza kura yake. Waliopanga nyuma ya Phineas walienda nyumbani kula nyama. Waliopanga nyuma ya Mwalimu Khaemba walibaki wakingoja kuhesabiwa, na walikuwa bado wanangoja.

Mambo mengine yaliendelea kama kawaida. Mwalimu mkuu alisogeza goli moja. Siku za kupiganisha mafahali, mafahali walizunguka mstari bila kusukumwa, kwa adabu ambayo Bunge halijawahi kuionyesha. Waliokuwa mlolongoni walizeeka kama watu wengine wanavyozeeka, na waliokufa waliendelea kusimama, isipokuwa waliacha kula. Mwalimu Khaemba mwenyewe alifariki na kuzikwa. Picha yake ilipauka kwa jua hadi ikabaki karatasi nyeupe yenye kola.

Kanuni ilikuwa moja. Aliyebanwa na haja alishikiwa nafasi na mtu wa nje, na huyo wa nje hakuweza kuondoka mpaka mwenyewe arudi. Mwaka wa 1991 mtu mmoja alishikiwa na ndugu yake, akaenda Kitale, akaoa huko. Ndugu yake alikuwa bado amesimama karibu na vyoo, na watu walipompita walipunguza sauti. Tangu hapo Immaculate alimkatalia Teresa asimshikie hata dakika tano. Jirani yake mmoja mzee asiye na watoto ndiye aliyemshikia alipohitaji.

Miaka michache baada ya katiba mpya, nchi nzima ilipoongezewa maeneo bunge themanini, Ishivembe lilifutwa. Phineas alipewa uenyekiti wa bodi ambayo haijakutana hata leo, pamoja na gari, bendera ndogo na dereva. Mlolongo haukupewa taarifa. Mhadhiri mmoja wa chuo kikuu mjini, Daktari Mark, alikuja na kamera, akawaeleza kwamba huko Ayalandi, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, kulikuwa na vimji vyenye wapiga kura kumi na watatu tu, vilivyopeleka bungeni wabunge wawili wawili. Vilipofutwa, bwana aliyevimiliki alilipwa fidia nono, kama mtu aliyebomolewa nyumba.

"Na hao kumi na watatu?" Immaculate aliuliza.

Daktari Mark alisema utafiti wake haujafika hapo.

Jumatano Teresa alipanda boda hadi Kakamega, akapelekwa ghorofa ya tatu ya jengo moja, kwenye Dawati la Maeneo Yaliyofutwa. Karani aliitwa Cherono. Alikuwa na kompyuta, kikapu cha ndizi na sura ya mtu aliyekatizwa.

"Ishivembe haiko kwa sistemu, mama," alisema.

"Najua, madam. Lakini watu wako."

"Wako kwa eneo gani saa hii?"

"Wako kwa uwanja."

Cherono alibonyeza, akasoma, akamenya ndizi. Uwanja, alieleza, uko katika eneo bunge jirani. Mlolongo, kwa kuwa ulianza kabla ya kufutwa, uko Ishivembe. Msimamizi wa eneo jirani hawezi kuhesabu watu wa Ishivembe hata kama wamesimama kwenye nyasi zake. Anayeweza ni msimamizi wa mwisho wa Ishivembe, ikiwa yuko hai.

"Yuko?"

"Anakujanga hapa kila mwezi kuulizia pensheni. Anasumbuanga sana." Cherono akaandika jina na mtaa nyuma ya bahasha, na huo ukawa msaada mkubwa kuliko wote serikali iliowahi kuwapa watu wa Ishivembe.

Phanuel alikaa nyuma ya soko, katika nyumba yenye kochi moja. Alikuwa na miaka themanini na mbili, amevaa koti lile lile la siku ya uchaguzi. Kuna watu ambao uzee huwaongezea aibu au huruma. Yeye alikuwa ameongezewa magoti mabaya tu. Alimsikiliza Teresa hadi mwisho, akauliza kama kwake kuna ingokho.

"Jogoo mmoja, mzee."

"Basi nitakuja Ijumaa. Kuhesabu si kazi ngumu."

Ijumaa alikuja na daftari. Alianza chini ya picha nyeupe yenye kola saa tatu asubuhi, akaenda polepole kwa fimbo, akimgusa kila mtu begani. Ni lazima isemwe kwamba alihesabu vizuri. Waliokufa aliwahesabu pia, kwa kuwa walikuwa hai walipopanga. Yule ndugu wa mtu wa Kitale alimhesabu kama mtu wa Kitale. Alipofika kwa Immaculate alisema, "Mia nane na sita," naye Immaculate akafumba macho kidogo. Teresa aliyemfuata nyuma aliona mabega ya mama yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, akaanza kupanga moyoni nani atachota maji ya kumwogesha.

Saa tisa alasiri Phanuel alifika mtoni, kwenye mtu wa mwisho aliyesimama maji yakimfika magotini. Elfu mbili mia tisa arobaini na sita. Aliandika namba hiyo, akaipigia mstari chini. Kisha akapanda tena hadi uwanjani, ambako Mheshimiwa Phineas alikuwa amefika kwa gari la bendera kusikiliza, akatoa kwenye koti bahasha ya mwaka wa 1988 na kusoma kwamba Phineas amepata asilimia tisini na moja.

Phineas na dereva wake walipiga makofi. Phineas aliwashukuru wananchi kwa imani yao, akaahidi daraja.

"Lakini umehesabu mwenyewe!" Teresa alisema. "Umeandika! Mzee, umeandika kwa mkono wako!"

"Kuhesabu nimehesabu, mama," Phanuel alisema kwa upole. "Kutangaza ni kitu ingine." Akauliza jogoo kama ameiva.

Alikula jogoo mzima, na supu, na alipomaliza aliomba afungiwe kilichobaki, kumbe hakikubaki kitu. Teresa alimtazama akijipangusa midomo na akajuta kumwekea chumvi.

Mlolongoni hakuna aliyepiga kelele wala aliyetoka, kwa kuwa hesabu isiyotangazwa kwao haikuwa hesabu. Wa mbele waliwaambia wa nyuma yao kilichotangazwa, nao wakawaambia wengine, na habari ikamfikia yule wa mtoni saa kumi na moja jioni. Yeye akajibu "Haya," na neno hilo likapanda taratibu hadi juu.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Teresa alikwenda uwanjani bila chai. Alikuwa amevaa viatu vya kufunga.

"Nikushikie," alisema.

"Wewe una mtoto."

"Lynette ni mtu mzima, na jirani yako leo yuko na wazee wa kaburi. Baba hana mwingine wa kukaa upande wa kichwa. Mama, mimi nikikosekana watasema Teresa hakuja kumzika baba yake. Wewe ukikosekana hashuki."

Immaculate alifikiri. Fundi wa baiskeli na yule mama wa kanisani walitazama pembeni, maana neno hilo lilikuwa la watu wa nyumba moja.

"Nitarudi jioni," Immaculate alisema.

"Najua."

Alitoka. Alipotoka, ardhini palibaki alama mbili za nyayo ambazo nyasi hazikuwahi kuzigusa, na Teresa akaweka miguu yake humo. Zilikuwa kubwa kidogo kwake. Immaculate alitembea kama mtu aliyeshuka kwenye basi la mbali, akashikilia ua wa shule, kisha mti, kisha akakumbuka njia.

Kutoka uwanjani Teresa alisikia maziko yote. Alisikia ngoma za isukuti na fahali wa baba yake akizungushwa bomani. Alisikia sauti za wazee, kisha kimya, na kutokana na kimya hicho akajua mama yake amekaa mahali pake na baba yake anashuka. Alilia, na fundi akamshikia mkoba.

Jioni Immaculate hakurudi. Hakurudi Jumapili.

Jumatatu saa mbili kasorobo alikuja Lynette, binti wa Teresa, na chupa ya chai na viazi vitamu.

"Kukhu aliingia kwa chumba chake Jumamosi baada ya watu kuondoka," alisema juu ya nyanya yake. "Alikuta kitanda kama alivyokitandika ile mwaka. Akasema atajinyoosha miguu kidogo tu ndio arudi. Hajaamka, mama. Tulimwita mpaka tukachoka."

Teresa alitikisa kichwa. Mtu aliyesimama miaka thelathini na saba, akijinyoosha miguu, si rahisi kumwambia ainuke.

"Wazee wamesema tutamzika Jumamosi hii, kando ya kaburi la kuka," Lynette alisema. Alikuwa ameshaweka chupa chini na kuvua kandambili. "Wacha nikushikie. Umemkosa kuka, usimkose na kukhu. Nitasimama tu hadi urudi."

Teresa aliitazama miguu ya binti yake juu ya nyasi zenye umande, halafu akamtazama yule ndugu wa mtu wa Kitale, kule kwenye vyoo, ambaye nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

"Vaa viatu," alisema. "Mzike kukhu yako. Mwambie kwamba alikuwa mia nane na sita, na bado tuko mia nane na sita."

Lynette alivaa viatu. Alimmiminia mama yake chai, naye akainywa akiwa amesimama. Kule barabarani gari la Mheshimiwa lilipita na bendera yake, likapiga honi mara mbili kuwasalimia wapiga kura wake, na mstari mzima, kuanzia kwenye picha hadi mtoni, ukageuza uso upande wa pili kama ulivyofanya kila asubuhi. Teresa aligeuka pamoja nao.