Kibao cha Shangazi

Ofisi yetu ya vibao vya mitaa haina mzaha. Magari mawili yakipishana, tunaandika Barabara. Likipita moja tu, Njia. Mtu akinyoosha mikono akagusa kuta zote mbili, hicho ni Kichochoro, na hakuna rufaa. Kwa shangazi yangu, mikono iligusa kuta kabla haijanyooka sawasawa.

"Usiandike hilo neno," alisema, kasimama mlangoni na mwiko. "Jumamosi wakwe wanakuja kumposa binti yangu. Nimeshawaambia nyumba yetu iko kando ya barabara."

"Lakini shangazi, kanuni..."

"Ulipougua surua, nani alikubeba mgongoni? Kanuni?"

Nikanywea. Niliandika BARABARA kwa herufi nyeupe, nzuri mno, huku nimekasirika kama fundi aliyeambiwa apigilie msumari kwa kijiko.

Jumamosi wazazi wa kijana walifika, wakasoma kibao, wakaamini. Gari likaingia bila wasiwasi, maana mdomo wa kichochoro kile ni mpana, wembamba uko tumboni. Mbele ya jiko la shangazi likabana. Mbele haliendi, nyuma halirudi, milango haifunguki. Baba mkwe akatokea dirisha la gari, akaingilia dirisha la jiko, akatua kwa goti kwenye sinia la vikombe. Mama mkwe akafuata, kilemba kimeenda upande.

Shangazi alikuwa amenyong'onyea, nami nilimwonea huruma sana. Posa ya bintiye ilikuwa inaharibika mbele ya macho yetu, na mwandiko ulikuwa wangu.

"Nisameheni, wenzangu," akasema taratibu. "Hiki ni kichochoro. Huyu nilimlazimisha mimi. Niliogopa mtatudharau."

Baba mkwe akajipangusa chai kwenye suruali, akamgeukia mkewe. "Haya, sema na wewe."

Mama mkwe akainamisha uso. "Na sisi, dada yangu, tuliposema tunakaa barabara kuu... Kwetu hata mkokoteni hauingii. Hili gari tumeliazima, tuje tufanane nanyi."

Shangazi akamtazama, akalitazama gari la watu lililobanwa ukutani kwake, akaangua kicheko mpaka akakaa sakafuni. Mama mkwe akakaa karibu naye, wakawa wanapigana mabega na kufutana machozi.

Alipopata pumzi, shangazi akanigeukia.

"Kalete rangi, mwanangu. Na ukimaliza hapa, uende na kwao."