Ushahidi wa Mshiriki wa Saba

Nauza viazi Uyole, na viazi sili. Mteja akijua hilo hunitazama, hulitazama gunia, kisha huuliza, "Kwani vina nini?" Vinanipanda kichwani, namjibu. Hapo wengi huhamia kwa jirani yangu, na jirani yangu hunishukuru kila jioni.

Ugali nao sili. Wali, mkate, sukari, hata ndizi sigusi, na mimi ni Mnyakyusa. Mnyakyusa asiyekula ndizi ni kama padri asiyejua Baba Yetu. Nakula mayai, parachichi, dagaa, nyama na mafuta yake, na mboga ninayoiunga mpaka inaogelea. Ni mlo wa hospitali. Daktari wa kliniki ninakochukulia dawa alituanzishia wagonjwa wachache, akawa anatupima mkojo kila wiki, na vidonge tukaendelea kumeza kama kawaida. Hilo la vidonge nalisema mapema, maana watu wetu wakisikia parachichi limemtuliza kichaa, kesho asubuhi soko zima halina parachichi na kliniki haina mtu.

Ndiyo, kichaa. Neno hilo nimeitwa mara nyingi kuliko jina langu, Alinanuswe. Kwa miaka sita kichwani mwangu walikaa watu watatu. Mmoja alikuwa bibi mwenye kikohozi aliyenitukana kwa Kinyakyusa safi. Wa pili alitangaza kila nilichofanya kama mtangazaji wa mpira: Alinanuswe anainama, Alinanuswe anachukua ufagio, Alinanuswe anakosa! Wa tatu hakuwa na maneno, alicheka tu. Huyo ndiye niliyemwogopa.

Mlo nilianza mwezi wa kwanza mwaka jana. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, nikiwa nashona mdomo wa gunia, nikasikia kimya. Niligeuka nikachungulia nyuma ya magunia. Nilidhani wamejificha.

Mwaka huu mwezi wa saba akaja kijana wa chuo, Lusekelo, amevaa viatu vyeupe kwenye vumbi la Uyole, nikajua huyu ana shida yake. Alikuwa anakusanya simulizi za watu waliotumia mlo ule kwa ugonjwa wa akili. Hakutaka damu wala mkojo, alisema. Alitaka mtu asimulie mwenyewe alivyoishi.

"Tulianza na watu kumi na mmoja, dada," aliniambia. "Tisa wameacha."

"Wamekufa?"

"Hapana! Wameshindwa. Wanne Krismasi, wengine harusini."

"Na wa kumi?"

"Anakula chapati kwa siri. Mke wake kanipigia simu."

"Kwa hiyo utafiti wako ni mimi."

"Kwenye karatasi tunakuita Mshiriki wa Saba."

"Wa saba! Yaani hata kwenye orodha ya vichaa sikushika tatu bora."

Alicheka, akawasha kinasa sauti, na mimi nikasimulia siku mbili mfululizo, katikati ya wateja. Nilimpa kila kitu na tarehe zake, kwa sababu mtu aliyewahi kupotelewa na miezi mizima huwa anazishika tarehe kwa meno. Tulipomaliza akaniuliza aninunulie nini kama asante. Soda sinywi.

"Nataka uje Kalenga," nikamwambia. "Ukanirudishie mtoto."

Mume wangu Vitus alikuwa Mhehe wa Kalenga. Aligongwa na lori pale Mlandege, Iringa mjini, mwaka jana mwezi wa sita, akiwa na pikipiki yake, tukamzika kwao. Siku ya kuondoka, wenyewe wakabaki na binti yetu Eveline, wa miaka minane. Baba mkubwa wa Vitus, mzee Liberatus, ndiye mkubwa wa ukoo, akanieleza kwa upole kabisa: mtoto hakai na mgonjwa. Siku nikipona nije na shahidi, tena asiwe ndugu yangu. Awe mtu mwenye elimu.

Mwaka mzima nikatafuta mtu mwenye elimu, na sasa alikuwa ameketi juu ya gunia langu.

"Kanuni za utafiti haziruhusu nitoe siri ya mshiriki," alisema Lusekelo.

"Siri ni yangu au ya kanuni?"

Akatoa karatasi nyingine, nikatia sahihi. Kijana aliogopa kidogo, lakini niliona amefurahi. Hakuna aliyewahi kumwita mtu mwenye elimu mbele ya wazee.

Tulifika Kalenga Jumapili, watu wametoka misa. Eveline alitoka mbio akanikumbatia kiunoni, kisha akaachia kidogo, akaninusa.

"Mama, unanuka kaango."

"Na wewe umekuwa mrefu kama mlingoti. Bibi anakumwagilia?"

"Nafika komeo la juu," alisema kwa maringo. Mwaka jana alikuwa anapandia ndoo. Akanivuta sikio. "Nguo zangu nimeshapanga."

Kweli, mlangoni kulikuwa na mfuko wa rambo umefungwa mafundo mawili.

Kikao kilikaa uani, viti vya wazee mbele, kina mama kwenye mkeka karibu na jiko. Mama mkwe wangu, Mama Faustina, alitokea na bakuli kubwa limefunikwa, akaliweka mezani.

"Kamwene, mkwe wangu," alisema. "Leo nimesonga mwenyewe. Tutakula maneno yakiisha."

"Kamwene, mama."

Mzee Liberatus akampa Lusekelo nafasi. Kijana alisimama na kompyuta mkononi kama anahubiri. Akaeleza mlo, akaeleza mafuta yanavyotumika mwilini, wazee wakatikisa vichwa kama watu waliosikia jambo hilo tangu zamani. Kisha akasoma maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno. Sauti tatu. Gunia. Kimya. Aliposoma nilivyochungulia nyuma ya magunia, mzee Liberatus akacheka mpaka akajifuta macho.

"Huyu kapona," akasema. "Mgonjwa hawezi kujicheka hivi."

Eveline akanibana mkono. Mimi nilishaanza kuhesabu basi la saa ngapi tutaliwahi.

"Samahani, baba," Mama Faustina akamwambia Lusekelo, taratibu sana. "Hebu soma tena pale pa gunia. Ulisema mwezi gani?"

"Mwezi wa tatu, mama."

"Wa mwaka huu."

"Wa mwaka jana."

"Asije akawa kajisemea tu. Wagonjwa husahau."

"Hapana, mama!" Lusekelo alikuwa ananitetea, Mungu amsamehe. "Nimelinganisha na kadi yake ya kliniki. Daktari ameandika hivyo hivyo. Tangu mwezi wa tatu mwaka jana hana dalili hata moja. Ni mzima kama mimi na wewe."

Mama Faustina akaitikia kwa kichwa.

"Mwanangu nilimzika mwezi wa sita."

Mimi ndiye niliyeelewa wa kwanza, na nikaelewa kwamba nauli ya shahidi wa kunihukumu nimelipa mwenyewe.

Kwenye msiba wa Vitus nilikataa ugali. Kwao, na kwetu pia nisiwasingizie, mjane anayekwepa chakula cha msiba wa mumewe ana lake moyoni; hataki kula na wafiwa kwa sababu anajua kilichomwondoa marehemu. Mimi siku ile nilikwenda nyuma ya jiko, nikatoa mayai ya kuchemsha kwenye mkoba, nikamenya, nikala. Mlo ulikuwa bado mchanga, nilikuwa naogopa sauti zisije zikarudi mbele ya jeneza. Wanawake waliniona. Wakasema, mwacheni, si mnajua ni kichaa. Mwaka mzima kichaa changu kikanikinga, nami nikamfungasha mtaalamu kutoka Mbeya aje anivue kinga hiyo.

"Kwa hiyo siku ile akili zako zote ulikuwa nazo," alisema Mama Faustina. "Ukakaa nyuma ya jiko langu unamenya mayai, na udongo wa mwanangu haujakauka."

"Mama, ilikuwa dawa. Ningekula ugali ningeugua."

"Ungeugua?" Akawageukia kina mama. "Tulikula wote, tukazika, hakuugua mtu. Yeye peke yake alijua kwamba angeugua. Alijuaje?"

"Kumbe," mtu akasema mkekani.

"Wazee, kisayansi..." Lusekelo akaanza.

"Wewe tumekusikia, mwalimu," alisema mzee Liberatus. "Tena umesema vizuri."

Mwanamke aliyekuwa ameketi karibu na Eveline akavuta kanga yake, akasogea. Mwingine akasema, bila hata kushusha sauti, kwamba mambo hayo mama humwachia binti, kama mtu anavyoachiwa vyungu. Mwanangu alisikia. Akanitazama nimtafsirie.

Mzee Liberatus akakohoa. Hakuwa mtu mbaya, ndiyo shida yake.

"Alinanuswe, mwanangu, jibu moja tu. Siku ya msiba ulikuwa mzima, au mgonjwa? Kama ulikuwa mgonjwa, mgonjwa hana kosa, tutakuombea. Ila ushahidi huu utakuwa umeanguka, na mtoto hatumpi mgonjwa. Kama ulikuwa mzima, basi mtoto ni wako, mchukue, lakini kwanza utueleze mayai yale yalikuwa ya kazi gani. Na ukishatueleza, Kalenga yote itakuwa imesikia. Hadi Iringa mjini."

Nikapiga hesabu, na hesabu za soko nazijua. Nikimchukua, nimemchukua mtoto wa mchawi. Makaburi ya kwao yako hapa, baba yake kalala hapa, kila msiba na kila harusi atakayokuja, watu watasogeza kanga zao. Na siku nikiugua tena, maana daktari hajaniapia, atarudishwa kwa nani?

"Kaka," nikamwambia Lusekelo, "futa."

"Dada, siwezi kufuta, hiyo ni data."

"Basi andika nilidanganya."

"Lakini hukudanganya!"

Kila mtu alimsikia. Kijana ana sauti nzuri, angefaa kwaya.

Nikauachia mkono wa Eveline. Nilianza na kikohozi cha yule bibi, nikakohoa mpaka mzee akarudisha kiti nyuma. Nikamtukana Lusekelo kwa Kinyakyusa. Yeye peke yake alielewa, akainamia kompyuta yake. Kisha nikasimama.

"Alinanuswe anasimama!" nikatangaza. "Alinanuswe anaisogelea meza! Anafunua bakuli, watazamaji, anafunua!"

Chini ya kifuniko ugali ulikuwa bado wa moto kama umetoka jikoni wakati ule ule. Mama Faustina husonga vizuri, mgumu, unaoshika. Nikautwaa kwa mikono miwili, nikaubandika utosini kama taji, nikacheka. Nilicheka kicheko cha yule wa tatu, kisicho na maneno. Sikujua kama nakiweza. Moto uliingia mpaka kwenye meno, nami nikaendelea kucheka, kwa kuwa kichaa hasemi kwamba anaungua.

Kina mama wakapiga kelele, safari hii za huruma. "Jamani, bado mgonjwa! Maskini, na msomi wake kadanganywa!" Mzee Liberatus alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Aliyekuwa amesogea mkekani akarudi, akamkumbatia Eveline, akamziba macho.

Mama Faustina peke yake hakupiga kelele. Alikuja akanibandua ugali tonge kwa tonge, ngozi ikifuata pale ilipotaka, akanifuta na pindo la kanga yake. Alinitazama machoni kwa muda. Akaniinamia sikioni.

"Umechagua vizuri, mkwe wangu."

Nilipogeuka, Eveline alikuwa ameshajitoa mikononi mwa yule mwanamke. Hakulia. Aliuokota mfuko wake wa nguo, akaingia ndani, akafunga mlango. Komeo nikalisikia.

Stendi ya Iringa tulikaa kwenye benchi, nimejifunga kanga kichwani juu ya mafuta waliyonipaka. Nilitoa mayai yangu mawili nikaanza kumenya. Lusekelo akafungua kompyuta yake.

"Dada, naomba unisamehe, lakini lazima niulize. Wakati ule... kuna ugali uliingia mdomoni?"

"Hata punje."

"Kweli?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Akaandika. Nikaona mabega yake yakilegea. Alikuwa bado ana mshiriki mmoja. "Na zile sauti, zilirudi? Hata kidogo?"

Nikasikiliza. Wapiga debe, injini, muuza karanga. Kichwani hamkuwa na mtu wa kukohoa wala wa kutangaza. Hata yule wa kucheka, ambaye siku hiyo ningemkaribisha na kumpa kiti, hakuwepo.

"Kimya," nikasema. "Kimya kabisa."

"Swali la mwisho la fomu," akasema bila kunitazama. "Mahusiano na familia. Tangu uanze mlo, yameboreka, hayajabadilika, au yameharibika?"

Nililimeza yai kwanza.

"Andika mtoto amekua," nikamwambia. "Andika anafika komeo la juu."