Sindano ya Yves

Kifuniko cha sufuria kilitetemeka gizani, maharagi yakichemka. Umeme ulikuwa umekatika tena. Hapo nikasikia hodi. Alikuwa Scholastique, infirmière, muuguzi wa kituo chetu cha afya.

"Mama Mapasa, usinikasirikie mbele sijaikala kwa kiti."

Jina hilo nililipata kwa mapacha wangu, Yannick na Yves. Asubuhi ile Scholastique alikuwa amewachoma sindano ya surua.

"Yannick alipata mbili. Yves, hata moja. Niliwaona munatoka: mumoja iko na pamba kwa mikono yote, mwingine hana. Mbili haitamuzuru. Kosa ni yangu."

Nani alinituma kuwashonea shati za kitenge kimoja? Lakini ukiwavalisha mapacha mbalimbali, majirani watasema mmoja humpendi.

Kesho yake Yves alichomwa, akalia mpaka sokoni wakamsikia. Nikadhani imeisha. Kumbe Papa Fulgence, mkuu wa kituo, amechukia.

"Ungemuchoma kimya kimya! Nani angejua?" alimwambia Scholastique. Akaomba Scholastique ahamishiwe mbali, Mahagi-Port ziwani, akakule samaki huko.

Jumamosi komite ya afya ilikaa kuamua jambo lake. Nilienda na watoto wangu wote wawili.

"Papa Fulgence," nilisema, "Scholastique asingekuja kwangu, ningelala nikijua Yves iko na kinga. Mukimufukuza huyu, kesho nani atatuambia?"

Muzee Théodore, prezida wa komite, akacheka. "Mwizi wa kuku tunamwambia atubu. Muganga akitubu, tunamufukuza?"

Docteur Rébecca, anayesimamia vituo vyote vya zone yetu, alikuwa amekaa nyuma, anasikiliza tu. Akasimama.

"Basi iwe sheria. Kosa ikitokea, familia iambiwe siku ile ile, na aliyesema asiazibiwe kwa kusema. Tuanze hapa. Ikitembea muzuri, zone nzima itafuata. Nani anakubali?"

Mikono ikapanda. Wa Papa Fulgence ulipanda mwisho, nusu, kama mtu anayejikuna kwapa. Scholastique akajifuta macho na kilemba. Anabaki!

"Sasa," Docteur akasema, "tutafute kosa iliingilia wapi, isirudie. Hakuna wa kuazibiwa. Nani anajua?"

Yves akajificha nyuma ya kitenge changu. Yannick akashuka kwenye magoti yangu, akasimama katikati ya wakubwa.

"Mimi nilirudi kwa mustari pahali pa Yves, kwa sababu yeye anaogopa sindano."