Rivolva Iliyomlilia Urbain

Jumamosi asubuhi, baada ya kunywa chai na kusuuza kikombe, Pandu alitandika gazeti la juzi juu ya meza ya jikoni kwake Sydenham, mtaa mmoja wa Durban, akazipanga rivolva zake na kuanza kuzipangusa kwa kitambaa chenye mafuta. Zote zilikuwa za umbo dogo, zile ambazo mtutu wake haupiti urefu wa kidole na silinda yake haimezi zaidi ya risasi tano. Moja ilikuwa nyeusi tii. Nyingine zilikuwa zimechujuka rangi ubavuni kwa kusuguana na mifuko ya watu waliokwisha kufa. Bastola kubwa hakuzitaka. Alisema bastola kubwa ni kama mgeni mwenye sauti nene: akishaingia ndani, wenyeji hawasikiki tena.

Pandu alizaliwa Makunduchi. Alifika Durban akiwa kijana, kwenye chumba cha mashine cha meli ya mizigo, akaoa mwanamke wa Sydenham, akamzika, akabaki. Kazi yake ilikuwa kushona viti vya magari katika karakana moja ya Jacobs, eneo la viwanda. Rivolva ya kwanza aliinunua mwaka aliofiwa na mke, wezi walipovunja dirisha wakaondoka na redio. Hakuwahi kumwelekezea mtu. Ila aligundua kwamba jioni sasa ana kitu cha kukishughulikia: kukipangusa, kukishonea kifuko cha ngozi, kukiuliza kimeshindaje. Baadaye akanunua ya pili ili ya kwanza isikae mpweke, na baada ya hapo hakuhitaji tena sababu. Kila moja aliikatia leseni. Na kila alipotoka alibeba mojawapo, mfuko wa kulia wa suruali, ndani ya kifuko chake isije ikakwaruzwa na funguo. Alizibeba kwa zamu, kama mume wa wake wengi anayeogopa lawama.

Wiki hiyo familia ilikuwa imeongezeka. Duka la silaha la mjini lilikuwa limemuuzia rivolva ya rangi ya fedha yenye mpini wa mbao ya hudhurungi, nzuri kiasi cha kumfanya aone haya kuitazama sana mbele ya muuzaji. Muuzaji alimweleza kuwa ilikuwa ya bwana mmoja mwenye duka la mazulia karibu na soko, naye ameiuza kwa sababu droo alimoiweka haikauki maji. Pandu aliona hiyo ni sababu ya kawaida. Durban ni mji wa unyevu, hata chumvi haitoki kwenye kikopo.

Zamu ya rivolva mpya iliangukia Jumatatu. Kwenye taxi ya kwenda Jacobs, zile daladala za huko, Pandu alihisi paja limelowa. Mama aliyeketi kando yake alivuta sketi yake pembeni. Alipofika kazini aliitoa, akaondoa risasi, akaiinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa yakitoka kwenye mtutu, membamba, hayakatiki. Alichovya kidole akaonja. Yalikuwa na chumvi.

Aliyeshona kwenye cherehani ya pili alikuwa rafiki yake Respicius, Mhaya wa Bukoba, mtu wa kanisani asiyependa maneno mengi. Pandu alimwambia kuwa kitu hiki kinalia. Respicius aliipokea, akaiweka sikioni, akasikiliza kwa muda kama mtu anayesubiri simu ipokewe upande wa pili. Akasema ni kweli, tena kinalia kwa uchungu. Jembe la bibi yake lililia hivyohivyo bibi alipofariki, mpaka walipolipeleka kwa binti aliyekuwa akilima naye.

"Mzee Pandu, haiumwi hii," alisema. "Imefiwa. Itafutie msiba wake."

Pandu alikuwa mtu wa kufuata sheria, kwa hiyo jioni alipitia kituo cha polisi kuuliza kama leseni yake bado inafaa. Askari wa kaunta aliisoma leseni mbele na nyuma, akatandika karatasi chini ya rivolva kwa sababu ilikuwa inalowesha kaunta, kisha akamweleza kwa upole kuwa leseni inataja namba na ukubwa wa risasi, haitaji hali ya moyo. Akamshauri aipake mafuta isipate kutu.

Alipaka mafuta. Ikaendelea kulia. Aliivisha kifuko kikavu, akaiweka juani dirishani, hata akalala nayo chini ya mto ili isijione imetupwa, na alfajiri mto ulikuwa chepechepe. Wenzake walimwambia airudishe dukani. Pandu alijibu kuwa mtoto harudishwi kwa sababu analia. Ila, kwa kuwa sasa aliibeba hiyo kila siku, aliona jambo moja: kila taxi iliposimama kwenye robot, taa za barabarani, ambapo njia ya mtaa wa Cato Manor inachepuka, mfuko wake wa kulia uligeuka mzito ghafla na kumvuta upande hadi akamwegemea jirani. Mchana mmoja alimwomba dereva amshushe hapohapo, akaufuata mfuko.

Ulimpandisha kilima, ukampitisha penye bomba la maji na penye banda la kuku, ukamwingiza uchochoro bila kusita, kama mtoto anayeijua njia ya kwa bibi yake. Mbele ya chumba cha matofali chenye bati jekundu, uzito ukaisha. Mwanamke alikuwa ameketi juu ya kreti la soda akimsuka mteja. Alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, jina lake Marie-Jeanne.

Pandu alimsalimu, akaomba radhi, akakiri kuwa hajui kilichomleta. Marie-Jeanne aliitazama suruali yake iliyolowa, akamwambia mteja asubiri, akaingia ndani na kumletea taulo. Baada ya kujifuta, Pandu alizihamisha risasi kwenye mfuko wa shati, akampa rivolva kwa mikono miwili. Ilipotua mapajani mwa yule mwanamke ilishusha pumzi ndefu moja, ile ya mtoto aliyelia mpaka akachoka, na ikakauka.

Marie-Jeanne aliupapasa mpini wake.

"Papa, hii kintu inajua bwana yangu," alisema.

Akamsimulia. Mume wake aliitwa Urbain. Kwao alifundisha jiografia. Durban alilinda magari barabarani, karibu na soko, amevaa kizibao cha manjano kilichomfika magotini. Alikuwa mtu wa kucheka, na kila gari alilipa jina la mto: hili Lualaba, lile Lufira, lile bovu la mwuza samaki akaliita Zambezi ili kulipa moyo. Mwaka uliopita, jioni moja ya mvua, aliona kipande cha chupa chini ya tairi, akainama kukitoa ili mwenye gari asije akapata pancha. Mtu akatokea nyuma yake, akampiga risasi; kipande kile kikakutwa kingali mkononi mwake. Polisi waliandika kuwa aliuawa na watu wasiojulikana.

"Banasema hakuna mutu aliona," alisema Marie-Jeanne.

Pandu aliuliza ilikuwa mbele ya duka gani. Marie-Jeanne akajibu kuwa ni duka la mazulia.

Pandu akamweleza kuhusu bwana aliyeuza rivolva na droo yake isiyokauka. Yule mteja mwenye nusu ya kichwa kilichosukwa alisema eish, polepole, akatazama chini. Baadaye Marie-Jeanne akamaliza kusuka, kwa sababu mtu hawezi kurudi nyumbani na nusu kichwa, na Pandu akamshikia nyuzi.

Kesho yake walikwenda pamoja kwa mpelelezi. Aliwapa viti, akawasikiliza hadi mwisho. Rivolva ililia juu ya meza yake, ikalowesha ratiba ya zamu, naye akaisogeza ratiba. Alisema anawaamini, katika kazi yake alishawahi kuona gari lililokataa kuwaka mpaka maiti ilipotolewa chini ya kiti. Lakini machozi si ushahidi. Risasi iliyotolewa mwilini mwa marehemu ilipotea ofisi zilipohamishwa, na bila risasi ile hana cha kulinganisha. Aliifuta rivolva kwa kitambaa chake mwenyewe kabla ya kumrudishia Pandu, akawasindikiza mpaka mlangoni.

Kutoka hapo walitembea hadi kwenye duka la mazulia. Pandu alitaka kuingia peke yake, Marie-Jeanne akatangulia. Mwenye duka alikuwa mtu wa makamo, sura ya uchovu, amevaa sweta na miwani ya kusomea. Alikuwa anakunja zulia. Pandu aliifungua silinda kumwonyesha kuwa ni tupu, akaiweka rivolva juu ya kaunta. Yule bwana aliitambua mara moja.

"Bado inalia?" aliuliza.

"Inalia," alijibu Pandu.

"Kwangu ilianza jioni ileile." Alivua miwani. "Kulikuwa na mvua. Nilimwona mtu ameinama kwenye gari langu. Nilidhani mwizi."

"Alikuwa anatosha chupa chini ya mupira," alisema Marie-Jeanne.

"Najua. Nilikikuta kipande cha chupa mkononi mwake."

Pandu alimwuliza kwa nini hakuwaambia polisi. Bwana yule alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na utata.

"Niliwaambia," alisema. "Siku ileile. Wakaniambia niende nyumbani nikapumzike."

Kisha alimwomba Marie-Jeanne achague zulia lolote dogo, hata la sufi, alichukue kama zawadi. Marie-Jeanne alimjibu kwamba sakafu yake inamtosha. Wakatoka. Barabarani Marie-Jeanne aliketi kwenye ukingo wa njia, na Pandu, aliyekuwa hajamshika mwanamke mkono tangu mazishi ya mkewe, akamshika mkono. Rivolva ililia kati yao, na suruali yake ikalowa yote upande mmoja.

Siku zilizofuata Pandu aliwaza sana. Zile rivolva alizipenda kwa udogo wao, kwa jinsi zinavyokaa kiganjani kana kwamba zimezaliwa humo. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu atengeneze kitu kidogo namna ile, cha kubebwa karibu na mwili kama kitambaa cha pua, tayari wakati wote. Alipita kwenye duka la silaha, muuzaji akamtolea nyingine nzuri, nyeusi, mpini wa pembe. Pandu hakuitazama. Aliiweka sikioni kwanza. Akasikiliza. Akairudisha juu ya kaunta, akashukuru, na hakununua tena.

Alimwendea Marie-Jeanne, akamwambia kuwa akitaka, ataipeleka ile ya fedha kwa polisi. Wana mashine ya kuzisaga, haitabaki hata skrubu.

Marie-Jeanne aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo.

"Hapana, Papa Pandu," alisema mwishowe. "Mu hii muji yote, balimulilia Urbain babili tu: miye na hii kintu. Ukiivunja, nitabakia kulia peke yangu."

Hilo likawa limekwisha. Lakini karatasi ya ukimbizi haimruhusu mtu kumiliki silaha, na mwenye leseni haruhusiwi kuiacha kwa mwingine, kwa hiyo rivolva isingeweza kukaa kwa Marie-Jeanne hata saa moja bila Pandu kuwapo. Basi kila Jumapili, ibada ya Marie-Jeanne inapokwisha, Pandu huipeleka Cato Manor na kukaa nayo. Marie-Jeanne huipakata, humweleza habari za wiki: nani amejifungua, nani amepata barua kutoka kwao. Pandu huketi upande wa pili. Mwanzoni alitazama ukutani kwa adabu. Baadaye akaanza kuja na kisanduku chake cha vifaa, akakarabati kiti, akakishonea mto wa ngozi, akashona na wa pili. Marie-Jeanne humpikia bugali na sombe, samaki akipatikana, na ameshajua asimtilie pilipili nyingi. Wakati mwingine Pandu husimulia Makunduchi, naye husimulia Urbain alivyowafundisha watoto mito kwa kuwachorea maji sakafuni, na wote wawili hucheka, na rivolva hukaa kavu kabisa. Jirani wakiuliza, Marie-Jeanne husema ni shemeji yake. Pandu hajawahi kukanusha.

Rivolva nyingine zilinuna kwa kunyimwa Jumapili. Zamani angezibembeleza. Sasa aliziacha kabatini, na siku za kazi mfuko wake wa kulia ulibaki na leso.

Siku moja Marie-Jeanne alimwomba amsindikize mjini. Alikuwa amesikia kuwa mbele ya duka la mazulia amewekwa mlinzi mpya, Pascal, baba wa watoto wawili, aliyetoka Goma. Walimkuta kazini. Marie-Jeanne alimsalimia kwa salamu za kwao, akampa mkate aliomletea, kisha akamshika kiwiko.

"Kitu ikianguka chini ya motokari, uache," alimwambia. "Usiiname."

"Hata kama ni chupa, Mama?"

"Hata kama ni chupa. Mwenye motokari aende kwanza."

Pascal aliahidi. Wakati huohuo gari la mwenye duka lilikuwa likitafuta nafasi. Pascal alikimbia, akainua mkono, akaliita nyuma taratibu hadi likakaa sawasawa. Bwana yule akashuka, akamshukuru, akawasalimia wote watatu kwa heshima, akaingia dukani. Karibu na tairi la nyuma kipande cha chupa kilikuwa kinameta. Pascal alikitazama, akanyoosha mgongo, akageuza macho barabarani.