Kilo za Kunizamisha

Jana usiku niliota nimeingia buchani kununua uzito. Leo asubuhi nilikuwa na mtihani wa kuongoza wapiga mbizi wanaobeba mitungi ya hewa mgongoni hapa Mafia, na nikielea tena, kazi anapewa mwingine. "Nyanzobe, unaelea kama kifuu!" Mwalimu Khelef hunisema hivyo mbele za watu. Inaniuma jamani, acheni tu.

Muuza bucha ni pweza. Amevaa koti jeupe, na kila mkono umeshika kipande cha risasi, yale madini mazito tunayovaa kiunoni ili tuzame.

"Steki au mchanganyiko?"

"Chochote, bora nizame. Nipe kilo kumi."

"Kumi! Unazama au unajizika?"

Ananieleza kanuni ya duka: ukivuta pumzi ya kawaida, maji yakufike machoni, ukiitoa, ushuke polepole. Basi maji yanajaa buchani, yananifika machoni, yanasimama hapo. Wateja wengine wanaendelea kuchagua maini.

"Toa pumzi," anasema pweza.

Natoa. Sizami. Ananiongezea kipande, wapi! Anaongeza kingine, wapi! Mara kipande kimoja kiunoni kinaguna.

"Dada, sisi tunaonewa bure. Humu ndani mwako kuna pumzi hujaitoa."

"Ipi hiyo?"

"Uulize mtungi. Uko mgongoni, unasikia kila kitu."

Mtungi unakohoa. "Mimi sipendi umbea. Lakini ni ya utotoni, kwenu Kigoma. Mlishindana kupiga mbizi ziwani, anayeachia pumzi kwanza kashindwa. Wenzako waliachia wote. Wewe bado unashindana."

Makubwa! Nafikiri, nafikiri, na kweli sikumbuki kuiachia.

"Sasa nikiiachia, si nitashindwa?"

"Na nani? Wenzako walishakwenda kula."

Naiachia. Kinatoka kiputo kimoja kikubwa, kinapanda taratibu. Pweza ananivua vipande kimoja kimoja, ananiachia kilo nne tu. Nashuka polepole mpaka nagusa kitu laini. Ni godoro langu.

Nikaamka. Juu kabisa, ndani ya chandarua, kiputo kilikuwa kimenasa. Nikakigusa kwa kidole, kikapasuka, na chumba kizima kikanukia mgebuka wa kuchoma, samaki wa ziwa letu ambaye huku pwani hauzwi popote.

Nikacheka peke yangu. Nikatoa pumzi yote, nikaenda kumwomba Mwalimu Khelef kilo nne.