Kisanduku cha Kijivu

Nilimwita fundi wa kompyuta nikamdanganya kwamba mashine imekuwa nzito. Haikuwa nzito hata kidogo. Ila ningemwambiaje mtu mwenye kazi zake kwamba nataka anirudishie drafti?

Alikuja kabla ya mchana, miwani juu ya kichwa, begi la vifaa begani. Mtaa mzima tunamwita Bi Waya, naye huitika. Nilimwondolea sare za shule kwenye kiti, maana chumba changu cha mbele ndicho ninachoshonea, na kompyuta inakaa kwenye kona ya meza ya kukatia, pamoja na mkasi na chaki.

"Uzito uko wapi, mama?" aliuliza baada ya kufungua hiki na kile. "Mbona inakwenda vizuri tu?"

"Hebu fungua ule ukurasa wa michezo," nikasema, huku najifanya natafuta sindano.

Akaufungua. Kikatokea kile kisanduku cha kijivu, kitupu, na kipicha kidogo katikati kilichopigwa mstari. Nikanywea, kama ninavyonywea kila asubuhi. Hapo ndipo nilipokuwa nikikutana na ndugu yangu.

Nina mdogo wangu mmoja tu, wa kiume, na anaishi mbali, safari ya ndege. Mama yetu alipofariki tuligombana juu ya nyumba hii. Yeye alitaka tuikate vyumba tupangishe, mimi nikasema hakuna ukuta utakaogongwa nyundo nikiwa hai. Akaniambia nimeiatamia nyumba kama kuku. Nikamwambia yeye nyumba anaijua kwa picha. Nani alianza? Yeye, na hilo silijadili. Tangu siku hiyo simu yake sijaiona, na yangu hajaiona.

Lakini drafti hatukuiacha. Tumeicheza tangu utotoni, kwa vizibo vya chupa juu ya kadibodi, na nikichelewa kusogeza alikuwa ananigonga goti na kuuliza, "Dada, umelala?" Alipohamia huko aliko alininunulia kompyuta hii ili tuendelee kuchapana. Kwa hiyo hata baada ya ugomvi, kila asubuhi nilikuta amesogeza kete yake, nami nikasogeza yangu. Salamu hakuna, pole hakuna, kete tu. Nikiona amesogeza, najua kaamka salama. Akinila kwa fujo, najua ana hasira, au ana furaha. Kwake vyote viwili hufanana.

Kisha asubuhi moja ubao haukuwepo. Kisanduku cha kijivu tu. Nikajua amenichoka, ameufunga mchezo. Ningempigia simu nimwambie nini, mbona hutaki kucheza na mimi? Mimi ni mkubwa wake. Nikawa naufungua ukurasa ule na kuufunga, siku nenda siku rudi, na mashati ya wanafunzi nikayashona mikono ikipishana urefu. Nilikuwa na hamu na ndugu yangu mpaka nikaanza kuongea na cherehani.

"Mama," alisema Bi Waya, "mchezo huu hauendi bila plagini, kile kiprogramu cha pembeni kinachousaidia kivinjari kuuonyesha. Unayo. Ila imezuiwa. Kivinjari kiliposasishwa kilikuuliza kama ikubaliwe, wewe ukabonyeza Zuia."

"Mimi?"

"Kwani humu unaishi na nani mwingine?"

Nikakaa juu ya sare. Siku alipoiunganisha kompyuta hii, mdogo wangu alinionyesha vitufe kwa kidole kama vile mimi ndiye mtoto. "Dada, dunia imejaa matapeli," akasema. "Ikikuuliza kitu usichokielewa, usijisumbue kufikiri. Bonyeza Zuia." Sijawahi kumsikiliza mtoto yule kwa lolote, ila hilo moja nililishika. Nikamzuia yeye mwenyewe, kwa amri yake mwenyewe.

Bi Waya aliingia kwenye mipangilio, akashuka hadi penye plagini, akaiwasha ile ya mchezo. Kisha akaandika anwani ya ukurasa wetu kwenye zile zinazoruhusiwa kuomba kibali. "Huu tu," akasema. "Ukiruhusu zote utakuwa umeacha mlango wazi kwa kila mpita njia. Haya, ufungue mwenyewe sasa."

Nikaufungua. Kivinjari kikauliza: Zuia au Ruhusu? Mkono ukaelekea Zuia kwa mazoea, Bi Waya akakohoa. Nikabonyeza Ruhusu.

Ubao ukaja. Kete zangu nyekundu, zake nyeupe, kila moja palepale ilipokuwa. Chini pameandikwa: Ni zamu yako. Zamu yangu! Muda wote ule ni yeye aliyekuwa akiningoja.

"Ajabu," alisema Bi Waya akisogea karibu. "Kwenye michezo hii, usipocheza wiki nzima unahesabiwa umeshindwa. Labda mwenzako akuongezee muda."

Akaushusha ukurasa. Mpinzani wako amekuongezea muda. Mpinzani wako amekuongezea muda. Mstari chini ya mstari, mpaka mwisho wa kioo, na bado iliendelea. Huyu ambaye utotoni akishindwa alikuwa anapindua kadibodi na vizibo vyake, alikuwa na ushindi wa bure mkononi, na kila wiki aliukataa.

Machozi yalinitoka mbele ya mgeni wala sikuyafuta. Bi Waya akajitia kukunja waya uliokwisha kukunjwa.

Nilisogeza kete ya pembeni bila hata kuangalia inakokwenda. Taa ndogo ya kijani ikawaka ubavuni mwa jina lake. Akanila mbili kwa mpigo, bila huruma. Halafu kwenye kile kisehemu cha kuandikiana, ambacho hatukukigusa tangu ugomvi, yakatokea maneno.

"Dada, umelala?"

Niliinuka nikaanza kuitafuta simu chini ya vitambaa.